Nyumba za Umma na Msimamizi Anayestahili
Mazungumzo na wapangaji, Songea



Leo tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa ni la maofisini tu: ni nani anayekabidhiwa usimamizi wa nyumba za umma katika mkoa, na ana sifa gani za kukabidhiwa kazi hiyo. Sisi tunasema jambo hilo linamhusu mpangaji kabla ya mtu mwingine yeyote. Mvua za Desemba zinapoanza kushuka kutoka Matogoro na paa likavuja, anayelala kwenye maji si waziri wala mkurugenzi, bali ni mpangaji na watoto wake.

Tukumbushane kwanza nyumba hizo ni zipi. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya Uhuru, ili wananchi wapate makazi bora. Mwaka 1971 ikatungwa sheria iliyoiwezesha Serikali kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, na majengo hayo yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 Msajili wa Majumba na Shirika la Nyumba vikaunganishwa kuwa chombo kimoja. Kisha mwaka 2002 ukaanzishwa Wakala wa Majengo Tanzania, ambao husimamia majengo ya Serikali pamoja na nyumba wanamoishi watumishi wa umma. Kwa hiyo mpangaji wa nyumba ya umma hapa Songea yafaa ajue kwanza mwenye nyumba wake ni nani, kwani kila chombo kina taratibu zake na ngazi zake za uongozi.

Vyombo hivyo vyote vina makao makuu mbali na hapa. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Mpangaji hawezi kusafiri mwendo huo kwa ajili ya bomba lililopasuka. Kwake yeye, chombo kizima ni yule ofisa aliyeko mkoani. Ofisa huyo akiijua kazi, chombo kinaonekana kizuri. Asipoijua, hata sheria nzuri hubaki kabatini.

Natuchukue mfano. Mpangaji anaona ufa ukutani, anakwenda ofisini kueleza. Msimamizi mwenye ujuzi atafika, ataukagua, na ataweza kutofautisha ufa wa lipu na ufa wa msingi. Ataomba makadirio, ataingiza matengenezo katika mpango wa mwaka, na atamjibu mpangaji kwa maandishi. Msimamizi asiye na ujuzi atasema, "Tutaangalia." Miaka miwili ikipita ukuta unaegemea, na gharama iliyokuwa ya mifuko michache ya saruji inakuwa ya kubomoa chumba. Wahenga hawakukosea: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta huo hujengwa kwa fedha za umma, yaani kodi yako wewe mpangaji na ya jirani yako asiyepanga.

Sifa gani basi zinatakiwa? Kwa maoni yetu ni nne. Ya kwanza ni elimu ya kazi yenyewe: usimamizi wa milki, uthamini, uhandisi au ukadiriaji majenzi. Taaluma za uthamini, uhandisi na ukadiriaji majenzi zina bodi za kisheria zinazosajili wataalamu wake na kuwachukulia hatua wanaokiuka maadili. Ya pili ni ujuzi wa mikataba na hesabu, kwa kuwa msimamizi hushika fedha na haki za watu. Ya tatu ni uadilifu. Nyumba ni chache na wanaozihitaji ni wengi, na palipo na uhaba hapakosi kishawishi. Ya nne ni kuyafahamu mazingira ya mkoa, ili ajue kwamba matengenezo ya paa hayasubiri mvua zianze.

Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 imeweka msingi kwamba nafasi za kazi zijazwe kwa ushindani wa wazi na kwa kuzingatia sifa. Aidha, Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zinaelekeza kwamba mtumishi asikaimu nafasi ya madaraka kwa zaidi ya miezi sita. Maelekezo hayo yana hekima. Anayekaimu kwa muda mrefu huogopa kuamua. Hatii saini matengenezo makubwa, hafuti mgao wa nyumba uliotolewa kwa upendeleo, wala hapangi mambo ya mwaka ujao. Mwisho wake, anayeumia ni mpangaji.

Ndugu wananchi, uteuzi haumo mikononi mwenu, lakini msidhani kwamba hamna sauti. Tunawashauri mambo yafuatayo.

Kwanza, someni mkataba wa pango kabla ya kutia saini, nanyi mbaki na nakala. Sheria ya kudhibiti kodi za pango ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo mkataba ndio ngao kubwa ya mpangaji. Kama kuna kifungu hamkielewi, ombeni kifafanuliwe.

Pili, siku ya kukabidhiwa nyumba, kagueni pamoja na ofisa, mwandike hali ya milango, madirisha, paa, choo na nyaya za umeme, kisha wote wawili mtie saini. Karatasi hiyo itawaokoa siku ya kuhama.

Tatu, lipeni kodi kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali, na mtunze stakabadhi. Asiwepo mtu wa kupokea fedha mkononi, hata akiwa mtu mnayemheshimu. Fedha isiyo na stakabadhi haina shahidi, na mpangaji anaweza kuandikiwa deni ambalo ameshalilipa.

Nne, malalamiko yaandikeni. Pelekeni barua nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa na mrudi nayo. Ulizeni pia Mkataba wa Huduma kwa Mteja wa ofisi hiyo, mjue mnapaswa kujibiwa kwa muda gani.

Tano, mkiona nafasi ya msimamizi inakaimiwa muda mrefu, au hamjui anayeisimamia ana sifa gani, ulizeni kwa heshima na kwa maandishi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inawapa raia haki hiyo, na ofisi hutakiwa kujibu ndani ya siku 30. Mnaweza pia kulifikisha jambo hilo kwa diwani au mbunge wenu.

Sita, fuateni ngazi. Ofisi ya mkoa isipowasikiliza, andikeni makao makuu. Mgogoro wa pango hupelekwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mkiombwa rushwa ili mpewe nyumba au mfanyiwe matengenezo, toeni taarifa TAKUKURU kwa simu namba 113, ambayo haina malipo. Na mkiona utawala mbaya, ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Tunawaomba pia mtende haki kwa upande wenu. Mpangaji asiyelipa kodi kwa wakati, au anayeongeza banda bila kibali, humnyima msimamizi mwema fedha na uwezo wa kumtetea. Hatuwezi kudai ofisa mwaminifu huku sisi wenyewe tukitafuta njia ya mkato.

Nyumba za umma zilijengwa kwa jasho la waliotutangulia, na waliomo leo watawapisha wengine kesho. Tukiwadai wasimamizi wanaostahili, watakaokuja watakuta paa lisilovuja na daftari lisilo na shaka.

Sasa tunakaribisha maswali yenu.