Mlaji Asiyeonekana: Tunda Zima na Juisi Iliyochujwa



Tumezoea kumwita mlaji kila mtu anunuaye bidhaa kwa matumizi yake. Leo naomba ruhusa yenu nizungumze juu ya walaji wengine, wasioingia dukani wala kudai risiti, ilhali hulishwa kwa fedha zetu. Hao ni bakteria waishio katika utumbo mpana wa kila mmoja wetu.

Katika kuta za seli za matunda na mboga mna kitu kiitwacho pektini, jina kilichopewa na mkemia Mfaransa Henri Braconnot mwaka 1825. Ndicho kinachoshikamanisha seli hizo, na ndicho kinachoigandisha jemu. Pektini ni minyororo mirefu ya sukari yenye matawi mengi, na mwili wa binadamu hauna vimeng'enya vya kuikata. Kwa hiyo hupita katika tumbo na utumbo mwembamba bila kumeng'enywa.

Ifikapo katika utumbo mpana, kazi huanza. Bakteria aitwaye Bacteroides thetaiotaomicron ana vimeng'enya vingi, na kila kimoja hukata kiungo chake. Mwaka 2017 watafiti walionesha kwamba anaweza kuvunja karibu viungo vyote vya ile sehemu ya pektini iliyo tata kuliko zote, yenye aina 13 za sukari. Masalia ya mmoja huwa chakula cha mwingine, na mwisho wa uchachushaji huo hupatikana asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi. Mojawapo, butireti, ndiyo chanzo kikuu cha nishati cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Tukiwanyima bakteria chakula, tunajinyima wenyewe.

Je, mnunuzi anahusikaje? Tazameni chungwa. Pektini yake imo zaidi katika ganda, katika nyama nyeupe iliyo chini yake, na katika ngozi za vipande. Anyonyaye maji na kutupa makapi ametupa sehemu kubwa ya chakula hicho. Katika utengenezaji wa juisi nyangavu, kama ile ya tufaha, viwanda vingi hutia vimeng'enya vya kuvunja pektini, kisha huchuja, ili kinywaji kisiwe na ukungu. Kazi ambayo ingefanyika utumboni imekwisha kufanyika kiwandani, na sukari ya tunda imebaki chupani.

Kwa hiyo, mzazi anayemnunulia mtoto juisi ya pakiti kila siku akiamini kuwa amempa matunda, hakupata alichokikusudia. Maneno "juisi asilia" hayana maana kwamba nyuzinyuzi zimebaki. Someni jedwali la virutubishi, mtafute mstari wa nyuzinyuzi. Na mkiona "pektini" au namba E440 kwenye jemu, jueni kwamba imetiwa ili kuigandisha, nayo mara nyingi huambatana na sukari nyingi.

Zipo pia poda za nyuzinyuzi zinazouzwa kwa bei kubwa na kwa ahadi kubwa zaidi. Kabla ya kulipa, kumbukeni kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mwenye umri wa zaidi ya miaka 10 ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na gramu 25 za nyuzinyuzi zilizomo kiasili katika chakula. Mapera, machungwa, karoti na unga wa ubuyu vina pektini, navyo hupatikana sokoni.

Anayeanza na aongeze kidogo kidogo, akinywa maji ya kutosha, kwa sababu bakteria wakila hutoa gesi, na tumbo huhitaji muda wa kuzoea. Mwenye maradhi ya utumbo amwone daktari kwanza.

Mlaji mwenye busara hulipia tunda, akalila tunda.