Muuguzi Naye Ni Mtu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wananchi wa Mwakitolyo)

Ndugu Mwenyekiti, akina mama, na ninyi wachimbaji mliotoka maduarani,

Tangu zamani twawajua maadui zetu watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Leo nataka kusema juu ya askari tuliowatuma kupigana na huyo wa tatu, yaani waganga na wauguzi wetu, na juu ya mipango iletwayo ili kazi yao iwe bora.

Mwaka 2007 Wizara ya Afya, kwa msaada wa Wajapani, ilianza kueneza S tano katika hospitali zetu: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilikuwa miongoni mwa zilizotangulia. Mwaka 2015 Serikali ikaanza kuvipima vituo kwa nyota, toka sifuri hata tano. Mara ya kwanza kama theluthi moja ya vituo havikupata nyota hata moja. Ukaguzi wa 2017/18 ukakuta vya namna hiyo vimepungua sana. Mwaka huo wa 2015 jirani zetu wa Kishapu walianza kujaribu mpango wa kulipa vituo kwa matokeo, na sehemu ya fedha ikawa ya watumishi wenyewe.

Mipango hii ina faida. Muuguzi ajuaye dawa iko rafu gani hapotezi dakika wakati damu inamwagika. Akiulizwa mawazo yake, na neno lake likatendwa, huipenda kazi. Lakini mpango huo huo ukija kwa ubwana humvunja moyo. Mkaguzi huja na karatasi, akahesabu madaftari, akaenda zake. Muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku, kifusi kimewaangukia wachimbaji na mama yu katika uchungu, asubuhi huulizwa kwa nini rejista haikujazwa! Kweli, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Na malipo aliyoahidiwa yakichelewa, hata imani hupotea. Aliyechoka hivyo ndiye atakayemfokea mgonjwa, nasi tutasema ana roho mbaya.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi kuwa na majivuno na kuwadharau wanaowaongoza. Neno hilo halijachakaa.

Basi twataka mambo matatu. Kwanza, mkaguzi akae na watumishi na kuwasikiliza kabla ya kuandika alama. Pili, ahadi ya fedha itimizwe kwa wakati wake, au isitolewe. Tatu, sisi wananchi, kwa njia ya kamati ya kituo, tuulize: zamu ya usiku ina watu wangapi? Maji yapo? Muuguzi analala wapi?

Tusipouliza sisi, nani atauliza? Nyota ukutani haimzalishi mama. Humzalisha mtu, na mtu huyo hutaka heshima.

Uhuru na Kazi!