Likizo New York, Uhamisho Washington
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Mtakumbuka kwamba katika mkutano uliopita, chai ilipokuwa ikinywewa, yalizuka mashindano makali juu ya miji mikubwa ya Marekani. Mmoja alisifu New York, wa pili Chicago, wa tatu akaapa kwamba hapana mji kama San Francisco, na kila mtu alishika lake hata tukachelewa kurudi majumbani. Kamati ikatuagiza tulitazame jambo hilo kwa utulivu. Baada ya kulipima tumeona kwamba wenzetu wale hawakupingana hata kidogo, maana kila mmoja alikuwa akijibu swali lake. Sisi watumishi wa Serikali twajua tofauti ya likizo na uhamisho. Aendaye likizo hutazama yapendezayo macho, na nauli ya kurudi anayo mfukoni. Aliyepokea barua ya uhamisho huuliza habari za nyumba, shule ya watoto, njia ya kwendea afisini na bei ya chakula. Mji mmoja waweza kushinda katika la kwanza na kuanguka katika la pili.

Kwa likizo hatuna ubishi: ni New York. Mji huu wa leo ulipatikana mwaka 1898, sehemu tano zilipounganishwa kuwa mamlaka moja, na hesabu ya mwaka 2020 ilikuta humo watu zaidi ya milioni 8.8. Garimoshi zake za chini ya ardhi zilianza mwaka 1904, nazo huenda usiku na mchana, hata mgeni aliyepotea saa tisa za usiku hana sababu ya kulala njiani. Jumba la Empire State, lililofunguliwa mwaka 1931, lina ghorofa 102. Na kwa yule ambaye mfuko wake umekwisha mapema (tunawajua, wala hatutawataja), iko feri iendayo Staten Island, ambayo tangu mwaka 1997 haitozi nauli. Akisimama upande ufaao ataiona vizuri ile sanamu ya Uhuru iliyotolewa na Wafaransa na kuzinduliwa mwaka 1886. Tena kwetu mji huu una kumbukumbu maalumu: huko ndiko Mwalimu Nyerere alikosema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, Machi 1955, juu ya nchi yetu. Lakini kodi ya nyumba, mabwana! Karani akiisha kumlipa mwenye nyumba hubakiwa na kidogo cha kumlisha mkewe, na wengi hukaa mbali na kupanda gari saa nzima asubuhi na saa nzima jioni. Twende tukatembee, kisha turudi.

San Francisco hatutaikalia sana. Ni mji wa vilima, ukungu na magari yavutwayo kwa kamba ya chuma tangu mwaka 1873. Uliangushwa na tetemeko na moto wa mwaka 1906, ukasimama tena, ukajenga daraja lake mashuhuri la mwaka 1937. Uzuri wake haukanushiki, lakini kodi zake hushindana na za New York, na mwenzetu aliyeusifu hakutuambia nani angemlipia.

Chicago yataka heshima zaidi. Mji huu uliungua Oktoba 1871. Watu kama 300 walikufa na kama 100,000 wakakosa makao. Walipoujenga upya, mwaka 1885 walimaliza nyumba ya ghorofa kumi iliyoshikiliwa na mifupa ya chuma, ambayo wengi huiita mama wa majumba marefu yote. Ndugu zetu wa Idara ya Ujenzi watapendezwa na habari ya mto wake. Taka zilikuwa zikiingia katika ziwa Michigan, ambamo watu walichota maji ya kunywa. Basi wakachimba mfereji, na mwaka 1900 wakaugeuza mto uende nyuma, uliache ziwa. Sehemu kubwa ya ufuko wa ziwa ni mali ya watu wote, na mtu maskini huketi pale pale aketipo tajiri.

Mkazi wa kwanza wa kudumu wa mahali hapo, yule asiyekuwa wa wenyeji Wahindi Wekundu, alikuwa mtu mweusi, Jean Baptiste Point du Sable. Hata hivyo watu weusi waliofika baadaye kutoka majimbo ya kusini hawakupokewa kama wenye mji. Mwaka 1910 walikuwa kama 44,000. Mwaka 1930 walipita 230,000. Mwaka 1919 kijana mmoja mweusi aliyekuwa akiogelea alivuka mpaka ambao haukuandikwa popote, akatupiwa mawe, akafa majini. Ghasia zilizofuata ziliua watu 38. Nyumba nyingi ziliwekewa mapatano ya kutouziwa mweusi, na mahakama zikayatia nguvu mpaka mwaka 1948, Mahakama Kuu ya nchi ilipokataza. Pamoja na hayo, watumishi weusi wa mabehewa ya kulala, waliofanyia kazi kampuni ya Pullman ya Chicago, waliunda chama chao mwaka 1925, na baada ya miaka 12 ya kuvumilia wakapata mkataba. Wale waliotuambia mwezi uliopita kwamba chama chetu kimekawia kujibiwa barua yake, na waihesabu miaka hiyo.

Kodi za Chicago ni nafuu kuliko za New York. Kinachotuzuia ni baridi. Januari 1985 ilifika karibu nyuzi 33 chini ya sifuri, na upepo wa ziwani juu yake. Mtu wa Tanga asiombe.

Sasa twafika Washington, nao ndio mji tuuombeao uhamisho. Ni mji wa makarani. Mingine ilijengwa na bandari, dhahabu au nyama. Huu ulichorwa mwaka 1791 ili Serikali ipate mahali pa kuketi. Mitaa yake imepangwa kama majalada: iendayo mashariki na magharibi ina herufi, iendayo kaskazini na kusini ina namba, ila herufi J wameiruka. Mji umegawanywa robo nne, na anwani moja yaweza kuwapo mara nne. Karani akisahau kuandika robo, barua imekwenda na maji. Sheria ya mwaka 1910 hukataza majumba marefu, na kwa hiyo mbingu huonekana. Makumbusho ya Smithsonian hayatozi kiingilio, likiwamo lile la historia ya Wamarekani weusi lililofunguliwa mwaka 2016. Kodi si ndogo, twakubali, lakini tangu mwaka 1994 Serikali yao huwaongezea watumishi mshahara kwa kadiri ya ughali wa mahali.

Tusiwafiche aibu zake. Mwaka 1881 Rais Garfield alipigwa risasi katika stesheni ya mji huo na mtu aliyenyimwa cheo, na mwaka 1883 ikatoka sheria kwamba baadhi ya kazi zipatikane kwa mtihani. Watu weusi wengi walifaulu, wakawa makarani, wakajenga nyumba, wakasomesha watoto. Kisha mwaka 1913, wakati wa Rais Wilson, wakuu wa Posta na Hazina wakaanza kuwatenga: pazia katikati ya meza, chumba mbali cha kulia, choo mbali. Mwaka 1914 kila aombaye kazi akatakiwa kuambatisha picha yake. Sisi tulioandika maombi mengi twaelewa picha ile ilikuwa ya nini. Novemba mwaka huo mwandishi wa gazeti, Trotter, aliongoza ujumbe kwenda kwa Rais kulalamika, na Rais akamkasirikia.

Atasema mtu: mji uliotenda hivyo waupendeaje? Na ataongeza kwamba kati ya Desemba 2018 na Januari 2019 watumishi kama 800,000 nchini mwote walikaa siku 35 bila mshahara kwa ugomvi wa bajeti, na kwamba mwaka 2025 maelfu walipunguzwa kazini. Ataongeza pia kwamba wakazi wa mji hawakumpigia Rais kura mpaka mwaka 1964, na hata leo mjumbe wao katika Bunge hana kura. Yote ni kweli.

Lakini sikilizeni habari moja. Mwaka 1872 na 1873 mji huo ulitunga sheria kwamba mikahawa imhudumie kila mtu mwenye adabu. Sheria zilipopangwa upya katika kitabu mwaka 1901, hizo ziliachwa nje. Hakuna aliyezifuta, zilikaa tu katika makaratasi, na mikahawa ikawafukuza weusi miaka mingi. Baadaye watu wenye subira ya kupekua wakaziona. Mwaka 1950 Bibi Mary Church Terrell, ajuza wa miaka 86, akaingia mkahawani na wenzake, akakataliwa chakula, akaenda mahakamani. Tarehe 8 Juni 1953 Mahakama Kuu ikasema sheria zile zingali hai. Siku chache baadaye bibi yule alirudi katika mkahawa ule ule, akaketi, akaletewa chakula.

Bwana Mwenyekiti, twakurudishia nafasi, maana twamwona ndugu yetu wa Chicago amekwisha kuinua mkono.