Kupanga Nyumba Kando ya Mto Cedar

Nawaletea salamu za ndugu zenu wa Cedar Rapids, jimbo la Iowa, Marekani. Mmeniomba niseme habari za maisha ya kule, maana wengi wenu mna mtoto, shemeji, au jirani wa zamani wa kambi ya Nyarugusu anayeishi huko.

Mji si mkubwa. Ukifika katikati unasikia harufu ya uji wa Quaker, kwa sababu kiwanda chenyewe kiko pale pale kando ya mto. Habari za baridi nitaziruka, hizo mmeshasimuliwa mpaka mmechoka. Mimi nitasema juu ya nyumba.

Kwanza mto. Juni 2008 maji yalipanda futi 31, wakati rekodi ya zamani ilikuwa futi 20. Kwa hiyo kabla ya kupanga, uliza: mwaka ule maji yalifika hapa? Na bima ya kawaida ya mpangaji hailipi mafuriko. Ya mafuriko inanunuliwa peke yake, na kwa kawaida unangoja siku 30 ndipo ianze kazi. Usingoje mawingu.

Sisi hatukupigwa na maji, tulipigwa na upepo. Tarehe 10 Agosti 2020, mchana, ilikuja dhoruba wanayoiita derecho, upepo uliokadiriwa kufika maili 140 kwa saa. Paa la jengo letu likaondoka. Familia nyingi za Wakongo na Warundi zililala nje kwenye mahema, ndugu zangu, kama vile tumerudi kambini.

Mwenye nyumba akaniambia, "Nendeni tu, amana yenu nitawarudishia, nitakupigia simu." Amana ndiyo ile ambayo Uvira na Bujumbura tunaita garanti. Sheria ya Iowa inamruhusu kudai mpaka kodi ya miezi miwili, kwa hiyo si pesa ndogo. Nikamwamini, nikamshika mkono, tukahamia kwa shemeji. Simu yangu ikabadilika. Mwaka ukapita, na zaidi.

Nilipokwenda kutafuta msaada wa kisheria, mtoto wangu wa miaka 12 ndiye aliyetafsiri. Yule mama akauliza: "Barua yako iko wapi?" Barua gani? Mtoto akaona aibu kunitazama. Hapo ndipo nilipojifunza. Ukihama, mwenye nyumba ana siku 30 za kurudisha amana au kukuandikia kwa nini ameikata, lakini siku hizo zinahesabiwa akishapata anwani yako mpya. Mwaka mmoja ukiisha hujampa anwani, amana inabaki yake. Na nyumba ikiharibika hata haikaliki, unatoka mara moja, halafu ndani ya siku 14 unamwandikia kwamba unasitisha mkataba. Unaandika! Mimi nilikuwa nimeongea tu.

Najua wapo wapendwa wanaosema kudai karatasi ni kutoaminiana. Nilisema hivyo mimi mwenyewe. Lakini kule kodi ikichelewa, mwenye nyumba anaweza kukupa notisi ya siku 3, na yeye haoni haya kuiandika. Huku kwetu mngeongea mpaka mwisho wa mwezi, labda na mzee wa kanisa akaitwa. Kule hakuna mzee wa kuitwa, kuna ile karatasi uliyotia sahihi, tena pengine bila kuisoma.

Siku hizi ndugu akipata mkataba, anakuja nao Jumapili. Baada ya ibada tunakaa na vijana wanaosoma Kiingereza vizuri, tunausoma ukurasa kwa ukurasa, chai ikipoa. Mwaka jana familia moja ilihama. Wakaandika barua yenye tarehe na anwani mpya, wakaipiga picha, wakaituma posta. Siku ya 26 hundi ikafika. Ilikuwa imepungua dola 40 za kusafisha jiko, na sababu imeandikwa. Mama mwenye jiko mpaka leo anabisha kwamba lilikuwa safi.