Mlango wa Kazi Uwe Mpana kwa Wote

Hotuba kwa jamaa za wakimbizi wa ndani na viongozi wao, Lubumbashi



Leo tunataka kuzungumza juu ya namna kampuni inavyoweza kufanya mahali pake pa kazi na huduma zake zifikiwe na watu wenye ulemavu. Labda wengine wenu mnajiuliza: sisi tuliokimbia vita, tusio na nyumba wala shamba, mambo ya kampuni yanatuhusu nini?

Yanatuhusu sana. Katika mji wa migodi kama huu, mtu anakula kwa kazi au kwa biashara. Anayefungiwa milango hiyo miwili analala njaa. Tena, anayeona mlango unafunguliwa kwa wengine tu, moyo wake unajaa uchungu. Hapa Katanga tunajua uchungu wa namna hiyo unazaa nini. Miaka ya 1992 na 1993, swali la "kazi ni ya nani?" lilitumiwa kuchochea chuki, na maelfu ya jamaa za asili ya Kasai wakafukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala kwenye vituo vya gari-moshi wakingoja kuondoka. Kwa hiyo, mlango wa kazi ni jambo la amani.

Tunawazungumzia nani?

Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza mwaka 2022 kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 duniani anaishi na ulemavu. Kwetu sisi vita vimeongeza wengine. Kuna waliopigwa risasi au panga huko Mitwaba, Pweto, Manono, Kasai au Kivu. Kuna watoto waliokosa chanjo kwa sababu ya kukimbia. Kuna waliopoteza uwezo wa kusikia kwa milipuko. Wahenga walisema: hujafa hujaumbika. Ulemavu si ugeni wa nyumba ya jirani tu. Unaweza kubisha hodi kwa yeyote.

Tuangalie pia majina. Mtu akiitwa "kilema" kila siku, watu wanasahau kwamba ni fundi, ni mama, ni mwalimu. Tumtaje kwa jina lake na kazi yake.

Sheria inasema nini?

Kifungu cha 49 cha Katiba yetu ya 2006 kinawapa watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa hatua za pekee, na kinaipa Serikali wajibu wa kuhimiza wawepo katika taasisi za taifa, za jimbo na za mahali. Mwaka 2015 nchi yetu ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Watu wenye Ulemavu. Kisha tarehe 3 Mei 2022 ikatolewa sheria ya kuwalinda na kuendeleza haki zao.

Mkataba huo unafundisha jambo moja la maana: kumnyima mtu marekebisho yanayowezekana, yasiyo mzigo mkubwa mno, ni ubaguzi. Basi anayeomba njia ya kuingia kazini haombi sadaka. Anadai haki.

Kampuni ifanye nini?

Kwanza, itazame njia yake. Ngazi moja mlangoni inatosha kumrudisha nyumbani mtu wa kiti cha magurudumu. Kipimo kinachotumiwa sana ni hiki: kila sentimeta 1 ya kwenda juu inahitaji sentimeta 12 za urefu. Ngazi ya sentimeta 15 inahitaji mteremko wa sentimeta 180. Hiyo ni kazi ya matofali, simenti kidogo na fundi mmoja. Mlango uwe na nafasi ya sentimeta 80 au zaidi, na choo kiwe na chuma cha kushikia. Tusisahau majira ya mvua: mteremko mzuri unaoishia katika mfereji wa maji au matope mekundu haumsaidii mtu.

Pili, itazame kazi yenyewe. Mara nyingi marekebisho ni madogo: meza iinuliwe, saa za kuanza zibadilishwe kwa anayetembea kwa magongo, maagizo yaandikwe kwa asiyesikia. Na mfanyakazi aliyeumia mgodini au kiwandani asifukuzwe kama chombo kilichovunjika. Kwanza watafute pamoja naye kazi anayoweza kuifanya.

Tatu, itazame habari zake. Tangazo la kazi linalobandikwa ukutani tu halimfikii asiyeona. Linalosomwa redioni tu halimfikii asiyesikia. Litolewe kwa njia zote mbili, na kwa Kiswahili pamoja na Kifaransa.

Nne, iulize wenyewe. Kampuni ikijenga bila kuwauliza watu wenye ulemavu, inaweza kutumia fedha nyingi na mlango ukabaki umefungwa.

Mambo haya yanawezekana

Msidhani haya ni ya Ulaya peke yake. Kwa jirani zetu wa Tanzania, katika mji wa Iringa, kazi ya Neema Crafts ilianzishwa mwaka 2003 chini ya Kanisa la Anglikana, Dayosisi ya Ruaha. Walianza na vijana 3 wasiosikia waliotengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Baadaye wafanyakazi wenye ulemavu wakapita 100. Wakafungua na mkahawa ambao wahudumu wake hawasikii. Mteja anaandika anachotaka, au anajifunza alama chache za mikono. Angalieni: hapo aliyebadilika kidogo ni mteja, na kazi ikaendelea.

Kenya nayo, mwaka 2017, kampuni ya simu ya Safaricom ilianzisha huduma ya sauti ili wateja wasioona wajihudumie wenyewe katika M-Pesa.

Mfano huu wa pili unatugusa hapa. Siku hizi msaada na mishahara mara nyingi hupitia simu. Mama asiyeona anapopokea ujumbe, anamwita kijana amsomee. Kisha anampa namba yake ya siri. Fedha zikipungua, nani atajua? Jamaa zinaanza kushukiana, na ugomvi unaingia nyumbani. Huduma isiyofikika inamwibia mtu fedha zake, tena inamwondolea siri yake na heshima yake. Ndiyo sababu tunaziomba kampuni za simu na mashirika yanayogawa msaada yaweke njia ya sauti, na mawakala waliofundishwa kutomwomba mteja namba ya siri.

Viongozi wafanye nini?

Ninyi viongozi wa wakimbizi, mnapoandika orodha ya watu wanaotafuta kazi, andikeni pia watu wenye ulemavu, na mbele ya kila jina andikeni anachoweza kufanya: kushona, kuhesabu, kutengeneza viatu, kupokea simu. Mwajiri akiona ulemavu tu, anaona shida. Akiona ufundi, anaona mfanyakazi.

Mnapokwenda kuonana na kampuni, nendeni pamoja nao, nao waseme wenyewe. Msiseme kwa niaba ya mtu mwenye kinywa chake.

Na jambo kubwa kuliko yote: msiende peke yenu. Katika Katuba, Kenya au Ruashi, mwenyeji mwenye ulemavu anakutana na ngazi ileile inayomzuia mkimbizi. Tukiomba mlango wa wakimbizi pekee, wenyeji watasema tumekuja kuwanyang'anya kazi. Tukiomba pamoja nao mlango mmoja ulio mpana, tutakuwa tumejenga mteremko na ujirani kwa wakati mmoja. Mteremko hauulizi mtu alizaliwa wapi. Mzee atapita, mama mjamzito atapita, na msukuma mkokoteni atapita.

Tunawaachia maswali matatu ya kuzungumza katika vikundi vyenu:

1. Katika mtaa wetu, ni mahali gani mtu mwenye ulemavu hawezi kuingia: dukani, kliniki, ofisini, kwa wakala wa simu?

2. Ni nani kati yetu ana ufundi ambao bado hatujauandika?

3. Ni wenyeji gani tutakaokwenda nao kuonana na mwajiri wa kwanza, na siku gani?

Swali la mwisho lisibaki bila tarehe.