Tai Moja, Nakshi Nyingi: Nafasi ya Mafundi Cherehani wa Kaunti

Hotuba kwa mafundi na wanagenzi wa ushonaji katika kituo cha mafunzo ya ufundi cha kaunti



Kila Januari wazazi hupanga foleni katika maduka ya sare. Kwenye orodha anayopewa mzazi, tai huwa karibu na mwisho, chini ya soksi, na bei yake huonekana ndogo ikiwekwa kando ya sweta na viatu. Lakini mtoto akihama shule, shati lake jeupe litavaliwa huko aendako. Viatu vyeusi pia. Tai haina bahati hiyo. Mistari yake ni ya shule moja tu, kwa hivyo hubaki ikining'inia nyuma ya mlango huku mzazi akinunua nyingine. Sasa ambapo mwanafunzi humaliza sekondari msingi Gredi ya 9 kisha huenda sekondari pevu, ununuzi huo wa pili umekuwa wa lazima kwa familia nyingi. Mwenye watoto watatu anajua hesabu hiyo vizuri.

Ndiposa mada ya leo ni tai inayobadilishwa nakshi: tai ambayo mvaaji hununua mara moja, kisha hubadilisha sehemu ya mbele tu. Ni kazi inayoweza kufanywa na fundi mwenye cherehani ya kawaida ya miguu, na soko lake liko hapa nyumbani.

Ni vizuri kuanza na jinsi tai ilivyotengenezwa hadi leo. Vazi hili lilitoka kwa askari wa Croatia waliopigana upande wa Ufaransa katika karne ya 17 wakiwa na vitambaa shingoni. Wafaransa waliupenda mtindo na wakaupa jina lililotokana na watu hao. Tai ndefu ya leo ilipata umbo lake katika miaka ya 1920, fundi wa New York aitwaye Jesse Langsdorf alipobuni njia ya kukata kitambaa kwa mshazari na kuiunga tai kwa vipande vitatu. Kabla ya hapo tai zilijipinda na kukunjamana upesi. Kitambaa kilichokatwa kwa mshazari, yaani nyuzi 45 dhidi ya ukingo wake, huvutika kidogo kinapofungwa na kurudi mahali pake kinapofunguliwa. Tai ya shule nayo ina asili yake. Inaelezwa kuwa mwaka 1880 wapiga makasia wa chuo cha Exeter kule Oxford, Uingereza, walivua utepe wa rangi za chuo kwenye kofia zao wakaufunga shingoni. Yaani wao walichukua nakshi iliyokuwa tayari mahali pamoja wakaihamishia pengine, jambo ambalo si mbali na linalozungumzwa hapa.

Ugumu wote wa tai uko kwenye fundo. Tai ya mtu mzima huwa na urefu wa sentimita 145 hadi 150, lakini sehemu kubwa ya urefu huo haionekani kamwe: huzunguka shingo chini ya kola, hujikunja ndani ya fundo, au hujificha nyuma kama mkia. Kinachoonekana ni fundo lenyewe na ubapa wa mbele, ambao kwa mtu mzima ni takribani sentimita 45 hadi 50. Mnunuzi hulipia mita moja na nusu ya kazi ili watu waone nusu mita.

Kuna wabunifu waliojaribu kushona tai yenye sura mbili, nakshi moja mbele na nyingine nyuma, ya kugeuzwa. Ni nzuri kwa mtu wa ofisini, lakini mshono wake hauwezi tena kufichwa nyuma. Hukaa ukingoni na kuonekana. Fundo nalo huwa nene. Wengine hushona kifuniko kama soksi cha kuvalishwa juu ya tai iliyofungwa. Hicho huteleza. Kwa mtoto anayekimbia uwanjani, kitateleza kabla ya mapumziko ya saa nne.

Njia inayofaa zaidi kwa shule ni kuliacha fundo libaki palepale. Fundo hushonwa tayari, likiwa limejazwa kitambaa kigumu ili lisilale, na kushikamanishwa na mkanda wa shingoni. Chini yake huachwa uwazi kama mdomo wa mfuko. Ubapa wenye nakshi huingizwa humo na kushikwa ndani kwa vishikizo viwili vya kubana, kimoja kila upande. Kishikizo kimoja hakitoshi, kwa sababu ubapa utayumba kama ulimi wa kengele. Ncha ya juu ya ubapa ikunjwe mkunjo mmoja katikati kabla ya kushonewa vishikizo, ili ukitoka chini ya fundo uwe na kibonde kidogo kama tai iliyofungwa kwa mkono. Bila mkunjo huo, hata mtoto wa chekechea atajua kuwa ni tai ya kubandika.

Rangi ya fundo ndiyo uamuzi ambao fundi asiufanye kwa haraka. Fundo litakaa na kila nakshi itakayokuja, kwa hivyo liwe la rangi moja tulivu: buluu iliyoiva, nyeusi au damu ya mzee. Fundo la maua na ubapa wa mistari hugombana.

Faida kubwa iko kwenye kitambaa. Kwa kuwa ubapa haupiti ndani ya fundo, haulazimiki kukatwa kwa mshazari. Unaweza kukatwa wima, na nakshi ya kitenge ikasimama inavyotakiwa. Tuseme tai ya mwanafunzi ina upana wa sentimita 7 na inaonekana kwa sentimita 38. Upana wa kukata ni 7 za mbele, 7 za kukunjwa nyuma na 4 za mshono, jumla sentimita 18. Urefu ni 38 zinazoonekana, 4 za kuingia ndani ya fundo na 3 za ncha, jumla 45. Mita moja ya kitenge chenye upana wa sentimita 115 hutoa safu mbili za vipande sita, yaani bapa 12, na bado hubaki ukanda wa sentimita 10 wa kushonea mafundo ikiwa rangi inaruhusu. Mita hiyohiyo ikikatwa kwa mshazari kwa ajili ya tai nzima, fundi hupata tai chache na lundo la pembetatu zisizo na kazi.

Mistari ya shule huleta swali. Mistari hiyo hulala upande kwa sababu kitambaa chenye mistari iliyonyooka kimekatwa kwa mshazari. Fundi akikata wima, mistari itasimama au kulala kama ya pundamilia, na mwalimu wa zamu ataiona getini. Lakini si lazima kutafuta kitambaa cha mistari. Fundi anaweza kununua kitambaa cha rangi moja, kukikata wima, kisha kushonea utepe wa rangi za shule kwa mshazari juu yake kabla ya kukunja. Kwa njia hiyo anahudumia shule tano kwa jora moja la buluu na marobota madogo ya utepe, badala ya kuweka akiba ya majora matano.

Kitambaa chochote kijaribiwe kabla ya kukatwa. Kuna kinachochuja rangi, na kuna kinachorudi, yaani kupungua kikifuliwa. Fundi akate kipande cha sentimita 10 kwa 10, akishonee kwenye kitambaa cheupe, avifue mara tatu, avikaushe na kupima. Kipande kikibaki sentimita 9 na nusu, kimepungua kwa asilimia 5, na ubapa wa sentimita 38 utapoteza karibu sentimita 2. Kitambaa cheupe kikishika rangi, hali hiyo itatokea kwenye shati la mtoto siku ya mvua. Kwa kuwa ubapa hutoka, mzazi anaweza kuufua peke yake bila kulowesha fundo. Hilo ni jambo la kumweleza mteja, maana tai za kawaida nyingi huharibika kwenye karai.

Kuhusu usalama, hapa fundi asifanye mzaha. Mkanda wa shingoni wa mtoto usiwe kamba isiyofunguka. Mwenzake akimvuta uwanjani, au mkanda ukinaswa, lazima uachie. Shule nyingi za Uingereza zilihamia tai za kubana kolani kwa sababu hiyohiyo. Mkanda wa velkro unaofungiwa nyuma ya shingo unafaa, ila velkro ina nguvu nyingi ikivutwa kwa urefu wake, kwa hivyo vipande vinavyoshikana viwe vifupi, kama sentimita 2 tu. Fundi aufunge mkanda kwenye chupa au kigingi, auvute kwa mkono mmoja. Usipoachia, apunguze velkro. Jaribio hili lirudiwe kwa kila tai inayotoka mezani.

Sasa soko. Fundo na mkanda huuzwa mara moja, na bapa huuzwa kila panapohitajika jipya. Si wanafunzi pekee. Kwaya ya kanisa inaweza kuwa na ubapa wa Jumapili na mwingine wa tamasha. Kwenye harusi, kabati la mabaki ya gauni la bibi harusi linaweza kuwavalisha wasimamizi wote wa bwana harusi kwa jioni moja.

Kwa upande wa shule, fundi aanze kwa bodi ya usimamizi, si kwa mzazi. Shule isipokubali muundo huo, mtoto atarudishwa nyumbani na lawama itarudi kwenye kibanda cha fundi. Aende na sampuli mbili, moja ya kawaida na moja ya kubadilishwa, na aombe kibali kwa maandishi. Nembo ya shule isishonwe wala kuchapishwa bila kibali hicho.

Wapo watakaouliza kama wanaweza kulinda kazi yao isiigwe. Ukweli ni kwamba wazo la tai yenye fundo tayari na sehemu ya kubadilishwa si jipya. Wabunifu wa nchi nyingine wamelifanyia kazi miaka mingi. Hakuna fundi anayeweza kudai wazo lote. Kinachoweza kulindwa ni jambo jipya aliloongeza mwenyewe: namna mpya ya kushika ubapa, au sura mpya ya tai. Chini ya Sheria ya Miliki ya Viwanda ya mwaka 2001, sura mpya ya bidhaa husajiliwa kwa miaka 5 na inaweza kuongezwa mara mbili hadi miaka 15. Uboreshaji wa namna kifaa kinavyofanya kazi unaweza kupewa cheti cha miaka 10, na hataza kamili hudumu miaka 20. Maombi hupelekwa kwa Taasisi ya Miliki ya Viwanda ya Kenya, KIPI, jijini Nairobi. Upya ndio unaopimwa, kwa hivyo aliye na jambo lake la kipekee aombe kwanza, kisha ndipo alionyeshe kwenye maonyesho ya kilimo na biashara au alipige picha na kuisambaza kwenye simu. Wengi hufanya kinyume, halafu hulalamika.

Mafunzo haya yanaandaliwa na kaunti kwa kuwa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti jukumu la vyuo vya ufundi vya vijijini. Vijana, wanawake na watu wenye ulemavu waliosajili biashara zao wanaweza pia kuomba kuingizwa katika mpango unaowatengea asilimia 30 ya zabuni za umma. Kikundi cha mafundi watano wenye sampuli nzuri na kibali cha biashara kilicholipiwa kina nafasi bora kuliko fundi mmoja mmoja.

Karatasi za kukatia zimewekwa kwenye meza ya nyuma, moja ya sentimita 45 kwa 18 ya mwanafunzi na nyingine ya sentimita 55 kwa 22 ya mtu mzima. Kitambaa cha majaribio ni kile cha rangi moja, si kitenge. Kila mwanagenzi atakata ubapa mmoja, atashona vishikizo viwili, na wa kwanza kumaliza atamvalisha mkufunzi wake ili uvutwe mbele ya wote.