Jina lako likitumwa kwa meseji, utajitetea vipi?

Mkisikia haki za binadamu mnategemea niseme juu ya mgambo na meza za sokoni. Hayo mnayajua kuliko mimi. Leo naleta jambo ambalo ukilitaja kijiweni watu wanacheka, halafu wanakutazama kwa jicho la pembeni: watu wa mapenzi ya jinsia moja. Sikilizeni kwanza, kuzomea baadaye.

Oktoba 2018 Paul Makonda, wakati huo Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, alitangaza kikosi cha kuwasaka mashoga na kuwataka wananchi wamtumie majina. Akajisifu kwamba amepokea meseji zaidi ya 5,000. Meseji, ndugu yangu, si ushahidi! Yule unayemdai hela, yule mnayegombea naye abiria pale stendi, wote wana simu. Anaandika jina lako, anabonyeza, kwisha kazi. Utaonyesha cheti gani kwamba wewe si shoga?

Na adhabu si mchezo. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu tulirithi kwa Mwingereza, na mwaka 1998 Bunge letu likakiongezea makali: kifungo cha maisha, kisichopungua miaka 30. Hiyo ni kwa watu wazima wawili waliokubaliana, ndani ya chumba chao. Kwa sheria kama hiyo askari mwenye njaa hana haja ya kukufikisha mahakamani. Anakuuliza tu, "Nikuandikie au tuongee?" Kinachofuata mnakijua. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2020 ilieleza watu waliolazimishwa kupimwa njia ya haja kubwa, kipimo ambacho hakithibitishi kitu chochote.

Kabla ya hapo, Februari 2017, serikali ilizuia vituo 40 kutoa huduma za UKIMWI kwa madai kwamba vinaeneza ushoga. Sisi wa Nyanda za Juu, tuliozika ndugu kwa ugonjwa huu, tuishangilie hiyo? Virusi haviulizi mtu analala na nani.

Najua mtasema hizi ni haki za Wazungu. Basi sikilizeni serikali yenyewe. Tarehe 4 Novemba 2018 Wizara ya Mambo ya Nje ilisema kampeni ile ni mawazo binafsi ya Makonda, na kwamba Tanzania itaendelea kuheshimu mikataba ya haki za binadamu iliyosaini. Vizuri. Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa tuliuridhia mwaka 1976, enzi za Mwalimu, na mwaka 1994 kamati ya Umoja wa Mataifa inayousimamia iliamua, katika shauri la Nicholas Toonen wa Australia, kwamba sheria za namna hii zinavunja haki ya faragha. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ya Waafrika watupu, ilikaa Luanda mwaka 2014 ikapitisha azimio namba 275 la kulaani ukatili dhidi ya watu hawa, pamoja na wale wanaodhaniwa tu. Msumbiji, jirani zetu, waliifuta sheria ya Mreno mwaka 2015. Sisi ya Mwingereza tunaikumbatia na kuiita mila!

Hapo ndipo wakubwa wana ndimi mbili. Mbele ya wafadhili, kosa ni la Makonda. Mbele yako wewe mlalahoi, ni maadili ya taifa, na kifungu cha 154 kiko pale pale. Wakati huo huo Ibara ya 16 ya Katiba inasema faragha ni ya kila mtu. Haikuandika "isipokuwa fulani".

Sikwambii umpende mtu, wala uache kanisa au msikiti wako. Lakini akija mtu hapa stendi na daftari la majina, kiongozi au asiwe kiongozi, muulize hati yake ya mahakama iko wapi. Haya, maswali. Tuanze na wewe mwenye kofia, uliyekuwa unaguna tangu mwanzo.